Mama Edith na Pembe ya Tatu ya Papa Mahamudu

Miaka thelathini na miwili inatimia tarehe 31 Machi, siku ambayo Mama Edith Mwape atakabidhi funguo za ofisi yetu ya ramani hapa Lubumbashi na kwenda kupumzika. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake kwa sababu, walivyosema, mimi ndiye niliyempa kazi nyingi kuliko wote. Nilijiandaa kubisha, kama kawaida yangu. Kisha nikakumbuka ushahidi.

Alifika kutoka Pweto mwaka 1994, enzi za wino na karatasi ya kalki, ile nyembamba ya kunakilia ramani. Aliyekosea mstari aliukwangua kwa wembe, na akitoboa karatasi alianza upya. Kompyuta zilipoingia, sisi wengine tulishangilia kwamba makosa yamekwisha. Mama Edith aliketi akaanza kuyatafuta: viwanja vilivyopandana, mipaka isiyofunga, nyufa nyembamba kati ya majirani ambazo hazikuwa za mtu yeyote. Ndiye aliyegundua kwamba katika mchoro wetu barabara ya kwenda Kinsevere ilipita katikati ya kanisa. Mchoraji nilikuwa mimi.

Lakini kisa kinachomweleza vizuri zaidi ni cha Papa Mahamudu, mzee seremala wa mtaa wa Ruashi. Mwaka juzi nilikwenda kupima kiwanja chake. Kazi yenyewe ni rahisi: unazunguka na GPS, unaweka nukta kila pembe, kwa mpangilio. Nilipofika pembe ya pili, jirani yake Aaron alisema jambo la siasa ambalo sikuweza kuliacha lipite. Nikabishana naye hadi pembe ya nne, nikaweka nukta, ndipo nikarudi kuweka ya tatu. Ubishi niliushinda. Mistari ikakatana, kiwanja kikatoka kimejikunja katikati kama namba nane.

Kompyuta ilitoa alama nyekundu. Badala ya kuuliza, nilibofya kitufe cha kurekebisha. Programu ilikikata kiwanja vipande viwili, ikabakiza kimoja, ikafuta kingine. Nyekundu ikatoweka, nami nikaenda kunywa chai. Nyumba ilikuwa kwenye kipande kilichofutwa.

Orodha ya wenye viwanja ilipobandikwa, mahali pa nyumba ya Papa Mahamudu paliandikwa "tupu", na sehemu tupu zingeanza kugawiwa wengine Jumatatu. Alifika kaunta ya ofisi yetu siku ya Alhamisi.

"Bantu ya bureau, nyumba yangu munaitia wapi? Mi niko nalala mule kila siku!"

Nilimjibu kwamba kompyuta haioni kosa lolote. Nilikuwa hata nimeanza barua ya kurasa nne dhidi ya watengenezaji wa programu, picha za setilaiti na urithi wa ukoloni. Mshukiwa mmoja tu sikumtaja. Mama Edith alivua miwani, akaielekezea kompyuta yangu.

"Weye, ordinateur inasema mistari haikatane tena. Haiseme nyumba iko ya nani. Beba mètre, twende."

Tulikizunguka kiwanja kwa miguu, Papa Mahamudu mbele akionyesha mawe ya mpaka, mimi nyuma na futi ya kupimia. Kwenye jiwe la tatu mzee alisimama, akaninyoshea kidole.

"Huyu papa hapa hakufika kwanza. Alikuwa pale, anagombana na Aaron!"

Mama Edith hakucheka mbele yake. Alicheka ndani ya gari, mpaka ofisini. Hakubadilisha nukta hata moja. Alizipanga tu upya, ya tatu kabla ya ya nne, kisha akanipa orodha mpya nikaibandike kwa mkono wangu. Jumamosi asubuhi Papa Mahamudu alishuka na kidole mstari kwa mstari hadi kwenye jina lake. "Njo hii," alisema, yaani ndiyo hii. "Njo hii." Alimshika mkono Mama Edith muda mrefu. Mimi alinisalimia.

Tangu siku hiyo hakuna anayebofya kitufe kile kabla ya kwenda kukanyaga ardhi yenyewe. Utaratibu huo ni wake, na umewalinda wengi wasiomjua.

Kuanzia Aprili, kiti chake cha ukaguzi ni changu. Mkuu wetu alimuuliza kama hana wasiwasi. Akajibu: "Wasiwasi ya nini? Makosa yote anayajua. Alishayafanya."

Mama Edith, asante kwa subira yako, na kwa kila mtu anayelala leo ndani ya mpaka wake. Ukae Pweto kwa afya na furaha, karibu na wajukuu. Simu tu, tafadhali, usiizime.