Siku Niliyombariki Caroline Adisko

Mheshimiwa Diwani wetu, Baba Paroko, Dokta Abdulswamad, mwalimu uliyewafundisha vijana hawa na bado ukakubali kuja kula nao, Mzee Natvarlal na Mama Anjana, majirani wa duka langu tangu nilipoanza kuuza Kariakoo, wanajumuiya wenzangu wa Magomeni, ukoo wetu ulioshuka kutoka Rombo na vumbi lake na bado umependeza, ndugu wageni waalikwa. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Jai Shri Krishna, na kama nimeitamka vibaya Mama Anjana atanirekebisha tukishakaa.

Mimi ni Clotilda, mama yake Caroline, muuza vitenge. Aliyetakiwa kusimama hapa ni mume wangu, Mzee Kasmir, lakini amesema akishika kipaza sauti atalia, na mimi nimemwambia kulia atalia tu, hata akiwa amekaa. Mshereheshaji amenipa dakika chache na akanikazia macho alipokuwa anazitaja. Namshukuru kwa kunijua.

Tumekusanyika katika ukumbi huu wa Mchafukoge kumpongeza Caroline, ambaye sasa ni daktari, na kumuaga, kwa sababu keshokutwa anaondoka kwenda Sumbawanga kuanza mwaka wake wa mafunzo hospitalini. Watu wanapompongeza daktari husema alikesha, alijinyima, alisoma sana. Ni kweli, Caroline alisoma. Lakini mimi niliyemzaa nataka niseme jambo lingine, ambalo vitabuni mwake halimo.

Ndugu zangu, mtoto akianza kusoma udaktari, ukoo mzima unaanza kuugua. Mwezi wa kwanza tu chuoni, shangazi zake walikuwa wanampigia simu kumweleza migongo yao, na yeye masikini alikuwa bado anafundishwa majina ya mifupa. Kila mtu alimtaka, na masomo nayo yalimtaka, na mwanangu akaamua kuchagua masomo akawafungia watu wote mlango. Send-off ya binamu yake hakuja. Kipaimara cha mdogo wake alikuja, akakaa na madaftari mapajani wakati Baba Paroko anahubiri. Baba, najua ulimwona. Krismasi tukapanda Rombo ukoo mzima, yeye akabaki hosteli. Nikipiga simu naambiwa, "Mama, nina testi." Testi gani hiyo isiyojua Pasaka wala Krismasi? Akakonda, akawa anaongea nasi kama mtu anayewahi mahali. Nikajiuliza, huyu anayejiandaa kuishi na wagonjwa maisha yake yote, atawaelewaje watu ikiwa hataki tena kukaa nao?

Sasa mtazameni Falguni, binti wa Mzee Natvarlal, yule pale aliyeinamisha uso. Alikuwa darasa moja na Caroline, mtihani ule ule, walimu wale wale. Lakini zikifika sikukuu zao za Navratri, Falguni anacheza na wenzake jioni zote tisa, asubuhi yuko darasani, na anafaulu. Nilikuwa namwambia Caroline, hebu mwangalie mwenzio. Ananijibu, "Mama, Falguni ana kichwa chepesi." Nikawa naomba Mungu wepesi huo umwambukize.

Basi, mwaka wao wa pili, wakati wa sikukuu hizo hizo, Falguni akaingia dukani kwangu mchana. Amevaa sketi yake pana yenye vioo, bangili mpaka kwenye kiwiko, amependeza. Nilikuwa namkatia mteja kitenge.

Akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umewaka."

"Mama, Caro anaogopa kukwambia. Huenda mwezi huu akadisko."

Nyie, nilifurahi. Mkasi niliuweka chini. Nikamuuliza, "Caroline huyu huyu wangu?" Akasema ndiyo mama, huyu huyu. Nikamwambia, "Mwache adisko. Amechelewa hata kudisko." Falguni akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji, akanishukuru kwa adabu, akaondoka. Malezi mazuri, Mama Anjana, ingawa siku ile angenibishia kidogo ingetusaidia.

Nikachukua simu nikamrekodia Caroline ujumbe wa sauti. Anao mpaka leo, amekataa kuufuta. Nilisema hivi: "Caroline, Falguni ameniambia habari za disko. Mimi mama yako sina neno. Umesoma mpaka umekwisha mwili. Disko tu mwanangu, wala usiogope, baba yako nitaongea naye mimi. Tena hata yeye alidisko sana ujana wake, na mbona maisha yamemwendea vizuri? Jumapili uje nyumbani, nitapika mtori."

Naona vijana mnaanguka na viti. Wazee wenzangu, subirini, na mimi nilielezwa nikiwa mtu mzima. Vyuoni siku hizi, kudisko ni kufukuzwa masomo kwa sababu umefeli. Neno la muziki wamelipeleka msibani. Caroline alikuwa ameanguka masomo mawili na anasubiri kurudia mitihani, wenyewe wanaita sapu, na akianguka tena ndiyo basi, anafunga mizigo. Nyumbani hakumwambia mtu. Alimwambia Falguni peke yake, na Falguni akaona mzigo ule ni mkubwa mno kubebwa na wasichana wawili, akauleta kwangu. Mimi nikaupokea kwa shangwe.

Caroline aliusikiliza ujumbe ule maktaba. Ameniambia mwenyewe kwamba aliurudia, akalaza kichwa juu ya kitabu, akasinzia kwa mara ya kwanza bila kuogopa kuamka. Jumapili akaja Magomeni. Akala mtori, akaongeza. Akampakulia baba yake nyama kubwa kuliko siku zote, tukashangaa, kisha akamuuliza kwa sauti ya huruma, "Baba, ulipodisko uliumia?" Mzee Kasmir akafikiri, akasema, "Goti tu. Na wiki iliyofuata nilirudi." Mwanangu akamtazama baba yake kama shujaa wa taifa.

Jioni ile akaenda na Falguni kwenye ngoma zao, akapiga makofi na kukosea hatua. Kuanzia hapo wakawa wanasomea sebuleni kwa Mzee Natvarlal, Mama Anjana anawaletea chai ya tangawizi na kuwafukuza wakalale. Mitihani akairudia, akafaulu. Dokta Abdulswamad, usije ukadhani nasema ngoma ndiyo ilimfaulisha. Alisoma sana. Ila alisoma akiwa na watu, na akija kwenye sherehe zetu alikula, akacheza wimbo mmoja, akaondoka mapema, wala hatukumnunia. Na sisi tulijifunza kumpigia simu bila kumtajia migongo.

Mimi maana ya neno niliijua mwaka mmoja baadaye. Jovitha, rafiki yangu wa jumuiya, alikuja dukani akiwa ameshika leso, akaniambia mwanawe amedisko. Nikamwambia hongera. Jovitha yuko meza ile, mnaweza kumuuliza usiku huu alinitazamaje. Aliponieleza, nilikaa juu ya robota la vitenge. Nilimpa pole mpaka ya kuvaa, kitenge kizima, na ndiyo hiyo aliyokuja nayo leo. Jovitha, imekupendeza.

Nikampigia Caroline. Nikamwambia, kumbe siku ile Falguni aliniambia hivi, na mimi nikasikia vile. Akacheka sana. Kisha akaniuliza, "Mama, na ungejua maana yake, ungesema nini?"

Dukani palikuwa na wateja. Nikamwambia nitakujibu. Miaka imepita sijamjibu, na yeye ni mtoto mwenye heshima, hakurudia kuuliza. Lakini najua analibeba swali lile, kwa sababu mpaka leo akiwa na shida mimi ni wa mwisho kujua. Na sasa anakwenda Sumbawanga. Huko hakuna sapu, hakuna kurudia. Ipo siku mgonjwa atakufa mbele yake, naye atarudi chumbani kwake peke yake, atachukua simu, na ataogopa kunipigia. Nimeona nisimwache apande basi bila jibu.

Caroline mwanangu, simama nikuone.

Ningejua maana, ningefoka. Wote hapa mnanijua, nisidanganye mbele ya Baba Paroko. Ningefoka mpaka Mzee Natvarlal angezima redio yake asikie vizuri. Ningekuuliza watu wa Rombo nitawaambia nini. Ningelia, ningekataa chakula, ningemlaumu baba yako bila kosa lolote. Halafu ningefunga duka mchana kweupe, ningekuja hosteli, na godoro lako ningelibeba mwenyewe kichwani mpaka Magomeni. Kesho yake ungekuja Kariakoo tupime vitenge pamoja. Mteja angeuliza, huyu ni nani? Ningemjibu, huyu ni binti yangu Caroline. Nisingeongeza kwamba alikuwa anasomea udaktari. Ningesema binti yangu, basi, na mteja angeendelea kuchagua kitenge.

Hilo ndilo jibu lako. Nililichelewesha, lakini halijawahi kuwa lingine.

Mzee Natvarlal, Mama Anjana, ahsanteni kwa sebule yenu na kwa Falguni. Dokta, ahsante kwa kuwanoa. Baba Caroline, ahsante kwa goti. Ndugu wageni waalikwa, mmenisikiliza kwa utulivu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia, nawashukuru sana.

Na wewe Caroline, huko uendako jambo likikushinda, nipigie. Nitafoka. Usikate simu, subiri nimalize.