Kilomita Sitini na Nane

Sikilizeni wanangu, na aliyesimama mlangoni aingie akae, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Mpisheni dada yenu akae karibu. Najua mmekunja nyuso kumwona humu. Mimi ndiye niliyemwita, na amekuja baada ya miaka tisa akiwa na kila haki ya kutokuja.

Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba ni ya kaka mkubwa, mradi shangazi yenu asiguswe katika chumba chake cha uani mpaka atoke mwenyewe kwa miguu yake au kwa mabega ya watu. Karakana na mashine ya kusukia mota ni ya mdogo, ambaye kwa kweli ameshaifanya yake. Gari la umeme ni la dada yenu. Nyamazeni. Nimesema ni la dada yenu, na mkishanisikiliza hamtalitaka.

Mnakumbuka nilipoling'oa injini gari lile nikalitia mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo, betri nikazipanga kwenye buti na chini ya boneti, mtaa mzima ulinicheka. Muuza mbao akaliita jokofu la magurudumu. Kila nikipita ananiuliza kama maziwa yameshaganda. Badala ya kucheka naye, nikataka kumfunga mdomo kwa hesabu. Asubuhi moja kavu nikaondoka peke yangu, tairi la akiba nimeliacha nyumbani, taa nimezima, nikateremka barabara ya mjini kwa mwendo wa baiskeli. Uniti moja ya umeme ikanibeba kilomita nane. Betri zilikuwa zinameza uniti kumi na tano. Nikazidisha, nikapata mia na ishirini, nikaiandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa nyuma. Barabara ile mnaijua, ni mteremko karibu yote. Nilipima kwenda, kurudi sikupima. Kurudi nilivutwa kwa kamba nyuma ya lori la rafiki yangu, nikamwambia nazihurumia betri.

Wala msijidanganye kwamba sikujua. Baadaye nililipima kwa haki, mara tatu, nikiwa na mifuko miwili ya saruji kiti cha nyuma, kupanda na kushuka, na uniti moja haikuvuka kilomita tano. Na betri nazo hazikubali kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Yote nimeyaandika katika daftari lililo chini ya godoro hili. Litoeni mtazame tarehe. Zote ni za kabla ya siku ile ya mama yenu.

Siku ile alipobanwa na kifua ninyi wawili mlikuwa safarini, nami nilikuwa na mguu kwenye plasta. Dada yenu akamlaza mama yake nyuma pamoja na mtungi wa hewa, akashika njia ya hospitali kubwa, kilomita themanini na nne, sehemu kubwa mlima. Mvua, ukungu, taa zinawaka, waipa zinakwenda, hita inawaka kwa sababu mgonjwa anatetemeka, na vyote hivyo vinakula kwenye betri zile zile. Alipofika njia panda ya zahanati akanipigia simu. Akasema, "Baba, geji inashuka mbio kuliko barabara. Nikunje hapa, mganga ana pikapu."

Wanangu, ningesema neno moja tu, kunja. Lakini barazani walikuwa wamejaa majirani wakingoja habari, nami nikaiwaza sura ya muuza mbao akisikia jokofu limeomba lifti. Nikamwambia, "Gari hilo ni kilomita mia na ishirini. Usinitie aibu. Endesha."

Akaendesha, kwa sababu nilimlea kuniamini. Gari likafa kilomita ya sitini na nane, katikati ya mlima. Mama yenu alikata roho mle ndani kabla lori la kwanza halijapita, mkono wake ukiwa mkononi mwa mtoto wake.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu niliirefusha kwa mgongo wa mwanangu. Mliporudi mkaniuliza, mbele ya waombolezaji, nikasema alikanyaga sana, akazimaliza betri kwa mwendo. Dada yenu akaniangalia, akangoja niseme lililobaki. Nikayatazama magongo yangu. Mdogo, wewe ndiye uliyembatiza Bi Kanyaga, mpaka watoto wa mtaa wakamwimbia. Na wewe mkubwa ulimwambia asikanyage mlango huu maadamu u hai. Alisema simu ilipigwa. Mkamwita mwongo, na mwongo amekaa mezani nanyi anakula.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Mdogo, nasikia unawageuzia watu magari, mmoja wao mkunga, na unawaambia mia na ishirini. Ifute hesabu hiyo. Pima na mzigo, pima mlimani, pima mvuani, kisha mtajie mteja ile ndogo kuliko zote. Atakayekucheka mwache acheke. Kicheko hakimzuii mtu kufika.

Binti yangu, sikuombi msamaha. Kukuomba ni kukutwika mzigo mwingine, na huo niliokutwika umekuinamisha vya kutosha. Gari ukitaka lichome, ukitaka livunje ulitupe, hakuna atakayekuuliza. Mimi mnizike kimya. Asisimame mtu kunisifu.

Mungu awafungulie njia, nyote watatu. Awape ulimi mwepesi wa kukiri... mwepesi kuliko wangu. Mikono yangu haiinuki tena, lakini hesabuni kwamba imeinuka.

Limebaki moja. Mkubwa, mgeukie dada yako. Mwambie, dada, hukukosea. Hayo tu... nataka niyasikie kabla... Mbona kimya? Au umeshasema, na masikio yangu ndiyo... Mdogo, na wewe. Semeni kwa sauti, wanangu. Semeni, bado nipo.