Mama Anapelekwa Nairobi

Mwaka huo wa tisini na nne, mama yake Mokeira alianguka mara mbili kwenye shamba la majani chai huko Marani kwa sababu ya presha, ndipo Mokeira akaamua kumhamishia kwake Nairobi. Basi lilipotoka Kisii, abiria wawili waliokaa nyuma yao wakajulishana na kuanza kuzungumza juu ya wagonjwa wao, naye Mokeira akatamani asiwe na masikio.

"Mimi nilipeleka mama yangu Nairobi," alisema Okemwa, mwalimu mstaafu wa Sironga. "Dawa alipata, sikatai. Lakini alishinda kwa kochi, hana shamba, hana mtu wa kumsalimia kwa Ekegusii. Kwa miezi nane miguu ikasahau kutembea. Nilimrudisha ndani ya sanduku."

"Afadhali wewe, mwalimu," alijibu Jayshree, mjane wa Kihindi mwenye duka Ogembo. "Mzee yangu alikataa kuhamia mjini. Alisema hapa hewa safi, watu wanajua mimi. Moyo ilipomshika, gari yetu ikakwama kwa matope njia ya hospitali. Wewe ulipata miezi nane. Mimi sikupata hata saa moja."

"Lakini alikufa kwake."

"Alikufa, mwalimu."

Mama, ambaye hakujua Kiswahili, akauliza kwa Ekegusii watu hao wanasema nini.

"Wanasema barabara ni mbaya," Mokeira akamjibu.

Basi likasimama Keroka. Mama akajifunga leso vizuri, akainuka akidhani wamefika. Mokeira akamshika mkono, asijue kama anamzuia au anamsaidia kushuka.