Jina Tulilolilipia Likagoma Kuja

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na baridi ya asubuhi. Mama katibu ameniomba nisimulie lile jambo la jina la tovuti, nami nimekubali, ila niwaombe radhi mapema: sina sauti ya kuhamasisha mtu. Nimechoka nalo jambo hili. Nimeshalisimulia mara mbili, na mara zote mbili nilirudi nyumbani nikalala mchana kama mgonjwa. Lakini wapo humu waliosema lina faida, basi nitalisema lilivyokuwa.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya nikiwa kijana, karani wa shirika la umma lililokuwa likinunua mazao. Shirika lilipouzwa tukapunguzwa kazini, nikabaki na mke wangu na taipureta moja. Nikafungua kibanda cha kuchapa barua za watu. Baadaye taipureta ikapisha kompyuta, na kompyuta ikapata intaneti, ile ya zamani mnayoikumbuka, unabonyeza unakwenda kunywa chai, unarudi ukurasa bado unahangaika kufunguka.

Wakati huo kikundi cha akina mama wa kijiji cha Mollo kilikuwa kimeanza kuuza maharage chenyewe, bila dalali. Wanayachambua, wanayaweka kwenye viroba, wanatafuta mnunuzi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mtu mzima, alikuwa mteja wangu wa barua. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hawa wa Dar wanasema tuwe na tovuti. Tovuti ni nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni kama kibao cha duka, ila mtu anakisoma popote alipo. Na kibao lazima kiwe na jina ambalo hakuna mwingine duniani analo. Akafurahi. Akaenda kuwaeleza wenzake, wakarudi na jina walilolichagua wote, jina zuri, fupi. Nilipolitafuta nikakuta lina mwenyewe. Mtu wa nchi ya mbali alilisajili miaka mingi nyuma, halitumii, amelipeleka kwenye soko moja la mtandaoni wanakouziana majina. Ameliwekea bei.

Akina mama wakasema, tulinunue. Wakachanga. Nikafuatilia kadi ya benki mpaka Mbeya, nikalipa. Soko likaniandikia: malipo yamepokelewa, tunayashikilia, muuzaji atakuletea namba ya siri ya kulihamishia jina kwako.

Sasa sikilizeni nilipoangukia. Siku ileile, namba haijaja, jina halijaja, nilimpigia mama mwenyekiti simu nikamwambia, "Mama, jina ni letu."

Kwa nini nilisema vile? Nilikuwa na hamu ya kuonekana nimeweza. Tangu nipunguzwe kazini hakuna mtu aliyekuwa amenipongeza kwa lolote. Yeye akapiga vigelegele kwenye simu, na mimi nikavisikiliza.

Wiki ya kwanza ikapita. Nikamwandikia muuzaji kupitia lile soko, kwa adabu. Kimya. Wiki ya pili, kimya. Nikifungua ukurasa wa soko naona neno lilelile, kwamba mauzo yanaendelea. Yanaendelea wapi? Nikaandika tena. Nikabembeleza, nikafoka, nikaomba radhi kwa kufoka. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kazi inayochosha kama kumwandikia mtu asiyejibu. Unaanza kusoma barua zako mwenyewe ukitafuta kosa lako.

Na huku nyuma akina mama hawakukaa bure. Wamekwishaambiwa jina ni lao. Wakaagiza viroba Mbeya, vimechapwa jina hilo kwa rangi nyekundu, na chini yake picha ya mmea wa maharage. Mama mwenyekiti alikuja kunionyesha kimoja kibandani. Alikikunjua juu ya meza yangu, akakilainisha kwa kiganja.

"Umeona? Hata mimi nisiyesoma vizuri nalitambua jina letu."

Pale ndipo pa kusema. Nafasi nilipewa, kiroba kiko mezani, yeye yuko mbele yangu. Nikasema, "Vimependeza sana, mama."

Mavuno yalipofika, mnunuzi mmoja wa Dar akaagiza mzigo wa lori zima. Akina mama wakajaza ghala. Lakini mnunuzi yule, kabla ya kutuma lori, akaandika lile jina kwenye kompyuta yake, amwone anayefanya naye biashara. Akakuta tangazo la Kiingereza: jina hili linauzwa. Akanipigia mimi, maana namba yangu ndiyo aliyopewa.

"Bwana, ninyi ni akina nani? Jina mliloandika kwenye viroba naona linauzwa. Mnaniuzia maharage ya nani?"

Nikajaribu kueleza. Nadhani nilieleza vibaya, kwa sababu mtu anayeficha jambo hawezi kulieleza vizuri. Akasema ameshatapeliwa mara moja, hataki mara ya pili. Lori halikuja.

Na mimi nikawaambia akina mama kwamba lori limeharibikia njiani, Laela, wanasubiri kifaa.

Mnacheka? Chekeni tu, kwa sababu kila nikikumbuka lile lori nililoliharibu kwa mdomo wangu, halafu wale mama wakaniuliza limeharibika nini, nikasema giaboksi, najiona mtu wa ajabu. Mmoja wao aliwapikia dereva na utingo wake chakula. Alisema watafika na njaa.

Baada ya hapo nikafunga kibanda. Mke wangu alinikuta kitandani saa nne asubuhi nimejifunika blanketi mpaka kichwani.

"Unaumwa?"

"Malaria."

"Twende ukapime."

"Itapita."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Baba, mimi nimeishi na wewe miaka yote hii. Malaria yako naijua. Hii siyo." Halafu akaondoka kwenda shambani. Nilikaa ndani siku nne. Simu niliizima. Nilimchukia yule muuzaji kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Sikuwahi kumwona, sikujua hata sura yake, lakini nilimwombea mabaya, na niliyaomba nikiwa nimepiga magoti. Nalisema hili mbele ya watu wa Mungu, na bado naona aibu.

Siku ya tano mama mwenyekiti akaja. Alitembea kutoka Mollo, viatu vimejaa tope, kikoi kimelowa. Mke wangu akampa kigoda karibu na moto. Nikatoka chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekwenda stendi. Nimeuliza madereva watatu waliotoka Tunduma kama wameona lori bovu Laela. Hakuna lori." Akavua viatu vyenye tope. "Sijaja kukufokea. Nimechoka kutembea. Niambie tu."

Nikamwambia. Yote, tangu siku ya vigelegele. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilijisikia kama mtu anayeshusha mzigo ambao mikono imeshakufa ganzi, hata hausikii unapotoka.

Akasukuma kuni motoni. Halafu akasema, "Vaa. Utayarudia haya mbele ya wenzangu. Mimi siwezi kuwasemea."

Nikayarudia ghalani, nimesimama katikati ya viroba vyenye jina lisilo letu. Msifikiri walinikumbatia. Yule aliyepika chakula cha dereva alisema, "Umetufanya watoto," akatoka nje, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Mwingine akauliza kama nimekula fedha yao. Nikasema sijala. Akasema, "Tutajuaje?" Kweli, wangejuaje?

Hapo ndipo alipozungumza bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini pembeni akiendelea kuchambua maharage yake kwenye ungo. Huyu hakuwa kiongozi wa kitu chochote. Aliuza nyanya sokoni miaka mingi kabla magoti hayajamshinda. Akauliza bila kuinua macho:

"Hilo soko lina mwenyekiti?"

Nikasema sijaelewa.

"Soko letu hapa, nikimlipa mtu na mzigo hanipi, simwendei yeye kila siku kumlilia. Namwendea mwenyekiti wa soko. Wewe umemwandikia nani siku zote?"

"Muuzaji, bibi."

"Na fedha anayo nani?"

Fedha ilikuwa kwa soko! Waliniandikia siku ya kwanza kabisa kwamba wanaishikilia. Barua zote zile nilizopoteza nazo nguvu nilikuwa nagonga mlango usio wenyewe. Na sababu ya kutogonga mlango wa soko naijua: soko lingeniuliza kama nataka kuvunja ununuzi, na kuvunja maana yake ni kukiri kwamba jina halikuwa letu. Nilipendelea lining'inie.

Kesho yake tukaenda kibandani, mimi, mama mwenyekiti na wajumbe wawili. Wakanikalisha nisome masharti ya soko mstari kwa mstari, na kuyatafsiri kwa sauti. Yalikuwa marefu. Mjumbe mmoja alisinzia, akaamka, akakuta bado nasoma. Lakini yalikuwemo: muuzaji asipokabidhi jina ndani ya muda uliowekwa, mnunuzi ana haki ya kudai fedha yake. Muda ule ulikuwa umepita zamani. Haki yangu ilikuwepo inanisubiri wakati mimi nimejifunika blanketi.

Tukaandika barua moja kwa soko, fupi. Siku ya tatu wakajibu. Wakasema wao pia watamtafuta muuzaji, na asipopatikana ndani ya siku kumi na nne, tuchague: tuendelee kusubiri au turudishiwe. Siku kumi na nne zikaisha, kimya. Mama mwenyekiti akaitisha kikao, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Warudishiwe. Mimi sikunyoosha, sikuwa na haki.

Fedha ikarudi. Tukasajili jina jingine, refu kidogo, linaloishia na herufi za nchi yetu, na safari hii mama mwenyekiti alikataa kulitaja kwa mtu yeyote mpaka alipoliona kwa macho yake likifunguka kwenye kompyuta. Alinifanya nifunge, nifungue tena, mara tatu.

Vile viroba hatukuvitupa. Tulikata herufi kwenye filamu kuukuu za eksirei, tukafunika jina la zamani kwa rangi nyeusi na kupiga jipya juu yake kwa nyeupe, kimoja kimoja. Nilipaka na mimi. Mikono ilikuwa myeusi mpaka Jumapili. Havikupendeza, siwadanganyi. Sehemu ya maharage ilikuwa imeshaliwa na wadudu, na mengine yalichukuliwa na wafanyabiashara wa Kabwe, kando ya ziwa, kwa bei ya chini, wakayavusha ng'ambo. Msimu ule tulipata hasara. Msimu uliofuata lori la kwanza likaja, na nililiona kwa macho yangu likipinda kuingia Mollo. Nikakaa chini kwenye majani, nikalitazama mpaka liliposimama ghalani.

Kuna jambo la mwisho. Miezi mingi baadaye nikapata barua kutoka kwa binti wa yule muuzaji. Aliandika kwamba baba yake alipatwa na kiharusi wiki ileile tuliyolipa. Alikaa hospitali muda mrefu hajui hata jina lake mwenyewe, kisha akafariki. Binti alikuwa anapitia mambo ya baba yake, akakuta barua zangu zote. Zile za adabu, zile za kufoka. Akaomba radhi kwa niaba yake, akauliza kama bado tunalitaka jina.

Nilikaa na ile barua mchana mzima. Mtu niliyemwombea mabaya alikuwa kitandani hawezi kuinua kijiko, na mwanawe alikuwa amesoma maneno yangu yote.

Nikampelekea mama mwenyekiti. Nikamsomea. Akavua kitambaa kichwani, akakiweka mapajani.

"Jina tunalo," akasema. "Hilo aache. Lakini mpe pole. Umpe pole ya sisi wote."

Kiingereza changu hakikuwa na neno la kutosha kwa pole ya akina mama wote wa Mollo. Nilitumia ukurasa mzima. Na mwishoni nikamwomba msamaha kwa barua zangu. Alinijibu mstari mmoja, kwamba amesamehe.

Basi, nishukuru niketi. Nawashukuru akina mama wale, walioendelea kuniachia kazi yao baada ya kuwadanganya, ingawa sasa kila ninachosema hukikagua mara mbili, na wana haki. Namshukuru bibi wa ungo. Alishatutoka, na sidhani alijua alichonifanyia. Namshukuru mke wangu, aliyejua kwamba ile si malaria na akanipa nafasi ya kulisema mwenyewe.

Funzo langu ni dogo. Kitu kama hakijakabidhiwa mikononi mwako, usikitangaze. Kikikwama, soma masharti, nenda kwa mwenye mamlaka, usimalizie nguvu zako kwa asiyejibu. Na asiyejibu usimhukumu, hujui amelala wapi.

Lakini zaidi ya hayo yote, najua humu ndani yupo mtu mwenye jambo lililokwama, na nyumbani kwake amesema linaendelea vizuri. Ndugu yangu, nakujua kwa sababu nilikuwa wewe. Kikao kikiisha nitakaa pale kwenye benchi la nyuma. Sina ushauri mkubwa wala sina haraka ya kwenda popote. Njoo tu uniambie lori lako limeharibikia wapi.