Mama Msasa na Misumeno Midogo ya Karakana

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Msasa atavua aproni yake na kustaafu rasmi baada ya kukitumikia kituo chetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Nilipomwonyesha rasimu ya ukurasa huu nikiwa nimeandika miaka ishirini na tisa tu, alichomoa penseli ya seremala iliyokuwa sikioni, akapiga mstari na kuniagiza nikapime upya.

Jina lenyewe alipewa na watoto. Kila mtoto anayempelekea kigari cha mbao akidhani amekimaliza huambiwa "Hebu pitisha tena", kisha hurudi mezani na kipande cha msasa mkononi. Wapo wazazi leo, watu wazima wenye ndevu zao, ambao wakipishana naye kwenye korido bado wanajihisi wana kazi ambayo hawajaikamilisha.

Aliajiriwa kutengeneza viti. Barua yake ya ajira, ambayo mimi kama mtunza stoo ninayo nakala yake, inataja viti, meza, bawaba na vitasa, basi. Lakini chumba chake kilitazamana na ukumbi ambamo watoto wa wafanyakazi walisubiri wazazi wao watoke kazini, na watoto wanaosubiri hawana dogo. Siku moja alikata mguu wa kiti kibovu, akautia magurudumu ya vifuniko vya chupa, akaegemeza mlango kwenye meza ukawa mteremko. Kigari kile hakikuwa na injini wala betri. Uzito wake tu ndio uliokishusha, na kikashuka mbio mpaka uvunguni mwa kabati. Kelele hazikupungua, ila sasa zilikuwa na sababu. Mlango ulikuwa wa ofisi ya meneja wa wakati huo, aliyekuwa likizo, na akarudi siku mbili mapema.

Kwenye mlango ule ndipo ilipozaliwa karakana ya watoto, pamoja na mashindano ya vigari vya mteremko ya kila mwisho wa muhula. Mtoto hupewa kipande cha mbao cha kutosha kiganja cha mtu mzima, misumari minne ya kuwa ekseli na magurudumu manne. Yaliyobaki ni yake: kuchora, kukata, kutoboa, kulainisha, kupima uzito kwenye mizani ya jikoni na kuongeza nati upande wa nyuma mpaka zitimie gramu mia na arobaini. Mwisho kabisa husaga ncha ya penseli na kuupaka unga wake mweusi kwenye misumari ili magurudumu yateleze. Kwa hiyo watoto wetu wanajulikana mitaani kwa pua nyeusi.

Shida ya kwanza ilikuwa zana. Zilikuwa za watu wazima, na mtoto wa miaka minane akishika msumeno wa fundi inakuwa ni msumeno uliomshika yeye. Mama Msasa hakusubiri zinunuliwe nyingine. Alimpa kila mtoto donge la udongo alibinye kwa nguvu, akatazama alama za vidole, kisha akachonga mipini ya misumeno, tupa na keekee za kutobolea kufuata viganja vile. Akafupisha benchi. Akatengeneza kisanduku chenye mwanya mwembamba pande zote mbili, msumeno unapita humo na hauwezi kwenda kombo hata mkono ukitetemeka. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anachonga vijiko vya wanasesere. Aliwaacha wacheke.

Asidhani msomaji kwamba hakosei. Mwaka wake wa sita aliona watoto wanachelewa, akaamua kuwatobolea matundu ya ekseli yeye mwenyewe, vigari arobaini, kwa mkupuo mmoja. Jiliwa alilofungia mbao lilikuwa limelegea kidogo na hakutambua. Siku ya mashindano, mbele ya wazazi, kigari cha kwanza kilipinda kushoto kikagonga ukuta. Cha pili vivyo hivyo. Kufikia cha tisa watoto walishaanza kunong'ona kwamba ukuta una sumaku, na baba mmoja alikwenda kuupapasa. Mama Msasa alisimamisha mashindano, akapanda kwenye benchi na kusema wazi kwamba ukuta hauna kosa, watoto hawana kosa, aliyetoboa vibaya ni yeye. Tangu siku hiyo hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kugusa kigari cha mtoto. Alisema mtoto ana haki ya kosa lake mwenyewe, maana lile anaweza kulirekebisha.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Wengi mnakumbuka kwamba miaka tisa iliyopita msumeno uliruka ukamkata mtoto kidole, akashonwa nyuzi tatu. Kamati ya wazazi iliagiza misumeno na keekee zifungiwe kabatini. Barua iliyopendekeza hivyo niliiandika mimi. Muhula ule watoto waliletewa vigari vilivyokwisha kukatwa, kazi yao ikawa kupaka rangi. Walianza thelathini. Kufikia wiki ya tano walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na wengi wao walikuja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Mama Msasa alivaa njuga. Alikwenda mbele ya kamati na kisanduku chake kwapani, akakataliwa. Akarudi mwezi uliofuata, akaambiwa ajenda zimejaa. Mara ya tatu alisikilizwa dakika tano huku mwenyekiti, ambaye ni nesi, akimkumbusha kwamba zile nyuzi tatu alizishona yeye. Mumewe alimsihi aachane nayo, kwani mshahara ni uleule, vigari vikatwe au visikatwe. Alimjibu kwamba watoto wale wamenyang'anywa kitu na hawajui waende kumdai nani, kwa hiyo atakwenda yeye.

Kitu ambacho kamati haikukijua, na yeye alikijua, ni kwamba msumeno ule ulikuwa butu, na ulikuwa butu kwa sababu yangu. Kunoa zana kulikuwa chini ya stoo. Nikafikiri, kwa akili yangu ya rafu na makabati, kwamba meno makali na vidole vya watoto haviendi pamoja. Nikayapitishia tupa meno yote mpaka yakawa mviringo, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema. Sikujua kwamba msumeno mkali huuma mbao ukatulia, na ule butu huteleza na kuruka kutafuta mahali pengine pa kuuma. Mama Msasa aliuona mara tu alipouokota sakafuni siku ya ajali. Angeweza kunitaja kwenye kikao cha kwanza na mambo yakaisha hapo. Alikuja stoo, akauweka msumeno juu ya daftari langu, akasema kwamba kosa lile lina mwenyewe na yeye hatalibeba wala kulitangaza. Kisha akaomba gundi, akaisainia, akaondoka.

Nilivumilia vikao vitatu. Kila alipotoka kule uso umemshuka, nilijifanya nahesabu skrubu. Lakini nilikuwepo siku ile ya vigari arobaini, nilimwona alivyopanda kwenye benchi, na kumbukumbu ile ilinikosesha raha. Kwenye kikao cha nne nilisimama kabla yake. Nilisema yote. Mwenyekiti aliomba aletewe misumeno miwili, ule wangu na mwingine ulionolewa. Alijaribu mwenyewe kukata mbao. Ule butu ulimponyoka mara mbili, mara ya pili ukachana ukingo wa meza ya kamati. Ule mkali ulipita kwenye mwanya wa kisanduku kama unakata sabuni. Aliuweka mezani, akasema watoto warudishiwe zana zao kwa muhula mmoja wa majaribio.

Majaribio hayo yana miaka tisa sasa. Watoto mia sita na zaidi wamepita hapo. Sanduku la huduma ya kwanza la karakana limefunguliwa mara sita, na mara nne kati ya hizo aliyefungwa plasta alikuwa mtu mzima. Mtoto yule aliyeshonwa alirudi muhula uleule wa majaribio, akamaliza kigari chake na kushika nafasi ya kumi na nne, na kovu analionyesha kwa yeyote atakayeomba na hata kwa wasioomba. Kamati imeandika rasmi kwamba zana zitabaki mikononi mwa watoto. Swali lililobaki lilikuwa nani atazisimamia. Mama Msasa alipeleka jina moja tu kwa meneja, la kwangu, na alipoulizwa kwa nini, alisema anataka mtu ambaye amekwishaona msumeno butu unafanya nini. Nilikunja uso nikadai nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nilikwenda stoo nikajifungia, nikalia.

Somo lake la mwisho lilikuwa Alhamisi iliyopita. Watoto walikuwa ishirini na wanne. Nilikuwa nimepanga wasimame mstarini wamwimbie, na nilishawaandaa wawili wa kutoa shukrani. Saa ilipofika, kila mtoto alikuwa ameinama. Mmoja anazungusha keekee ulimi nje, wawili wanabishana gramu mbele ya mizani, msichana mmoja anakata nafasi ya kiti cha dereva polepole, hataki mtu amsogelee. Nilifungua mdomo kuwaita. Mama Msasa alinishika mkono, akatikisa kichwa. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya mabenchi hatua kwa hatua, akitazama mikono yao mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeinua kichwa. Mlangoni nilimwomba radhi kwa niaba yao. Macho yake yalikuwa yamejaa na alikuwa anacheka. Akasema kwamba alikuwa akihofia siku hii kwa miaka, asije akaondoka na kazi ikasimama, kisha akaniambia nitege sikio. Tulisimama pale tukisikiliza misumeno.

Mama Msasa, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa karakana, wa ofisi na wa stoo, asante kwa yote, na asante kwa kuninyamazia mpaka niliposema mwenyewe. Nenda kapumzike, ule ukiwa umekaa, na upate usingizi wa asubuhi ulioudai miaka ishirini na tisa na miezi minne. Huku kazi inaendelea.