Chenso Mbili Dirishani kwa Jayant

— Ya zamani, nimesema! Ta Kahangwa achukue ya zamani, afe nayo!

— Afe nayo kwa nini, kwani unamtakia kifo? Achukue mpya!

— Mpya ikimharibikia porini Muleba, utamtengenezea wewe?

— Na ya zamani ikimng'oa mabega, utamkanda wewe?

Waliokuwa wanagombana ni Kabureta na Rubani, na ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi tu. Kijiwe chetu ni benchi moja na magogo mawili hapa Bukoba mjini, barabara ikitutenganisha na duka la vifaa la Jayant. Mimi ndiye ninayemimina kahawa hapo tangu nilipoishia kidato cha pili. Kabureta jina lake ni Protase, fundi wa pikipiki. Rubani ni Kyaruzi, ambaye alipanda ndege mara moja kwenda Mwanza na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Wa tatu ni Julius, karani mstaafu, tunamwita Afisa. Ta Kahangwa, yaani Mzee Kahangwa, ni baba yangu. Kazi yake ni kupasua mbao kwa chenso, msumeno wa moto, na chenso yake ilikufa mwezi uliopita. Ile aliichagua kwa kura za benchi hilohilo. Ilizimika katikati ya mti, mti ukabaki umekatwa nusu, na baba akakesha chini yake akizuia watu wasipite. Sasa dirishani kwa Jayant zilikuwepo mbili, moja ya muundo wa zamani na moja ya muundo mpya, zote zilishatumika Ulaya, zote za kazi nzito. Uwezo wa baba ulikuwa wa moja. Jumatatu alitakiwa awe Muleba kupasua mikaratusi kwa ajili ya paa la kigango, na kamati ilishamwambia kwamba asipofika na mashine, kuna mtu mwingine yuko tayari. Siku hiyo ilikuwa ya tatu tunazitazama kutoka ng'ambo.

— Sikiliza, Ta Kahangwa, akasema Kabureta, akisogeza kikombe chake pembeni kama anayefungua mashine. Chenso ya zamani ina skrubu kwenye kabureta. Ikikohoa, unachukua bisibisi, unazungusha kidogo, unasikiliza. Ikiimba vizuri, unaendelea na kazi. Mpya haina skrubu.

— Zimekwenda wapi? baba akauliza.

— Hazikuwekwa. Ndani kuna kompyuta. Yenyewe ndiyo inaamua inywe petroli kiasi gani.

— Si ndiyo vizuri? akadakia Rubani. Hata ndege inajiendesha yenyewe. Siku ile nakwenda Mwanza...

— Tumeshafika Mwanza, Rubani. Tulishafika mara nyingi.

— Basi ngoja nimwambie ya maana. Ta Kahangwa, vidole vyako vinakufa ganzi au havifi?

Baba akaitazama mikono yake.

— Vinakufa. Nikikata mchana kutwa, jioni siwezi kufunga vifungo vya shati.

— Umesikia! Mpya haitikisi. Ni nyepesi. Na cheni yake inakimbia mara mbili.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Kabureta.

— Kwa hiyo mti ukatwe polepole ili upate baraka?

— Na ya zamani kuiwasha ni kuvuta kamba mara kumi, sikatai. Lakini mvumilivu hula mbivu.

— Jamani waitu, mbivu ipi? Anakwenda kupasua mbao, haendi kuvuna ndizi!

Nikawamiminia tena. Baba hakunywa. Alikuwa anatafuna buni moja ya kahawa ya kuchemsha, ile tunayompa mgeni, akiizungusha mdomoni bila kuitema.

Afisa alikuwa kimya mpaka hapo. Alikohoa, na kila mtu akanyamaza, kwa sababu Afisa alifanya kazi kwenye ofisi yenye feni.

— Nyote hamjagusa jambo lenyewe, akasema. Hiyo kompyuta. Mmejiuliza inaongea na nani?

— Inaongea na kabureta, akasema Kabureta.

— Hiyo ni nusu. Kompyuta yoyote lazima iongee na makao makuu. Sasa simu zetu hapa zikifika ufukweni, zinakamata mtandao gani?

— Wa Uganda, akasema Rubani, sauti ikiwa imeshuka.

— Ahaa. Kwa hiyo Ta Kahangwa yuko Muleba, amepanda kilima, chenso inakamata Uganda. Inajiona imevushwa mpaka bila vibali. Itafanya nini?

Rubani akaitoa simu yake mfukoni, akaizima.

— Itajifunga, akasema Afisa.

— Mawe! baba akashtuka kwa Kihaya, akimwita mama yake.

— Lakini Muleba si mpakani, Afisa, nikasema.

— Mwanangu, mimina kahawa. Na tena inahesabu miti. Kila mti unaoangushwa unaandikwa humo ndani. Siku watu wa maliasili watakapokuja na waya wao, wanachomeka, wanasoma.

— Mimi nakata kwa kibali, baba akasema.

— Kibali chako kiko kwenye karatasi. Chenso haisomi karatasi.

— Ndiyo maana nasema ya zamani! Kabureta akapiga goti lake.

— Na ya zamani nayo ina mambo yake, akasema Rubani, ambaye hakutaka kuachwa nyuma. Imekata miti ya Ulaya miaka ishirini. Miti laini, miti ya barafu. Imezoea. Leo unaipelekea mkaratusi wa Muleba, mgumu kama deni la mkwe. Itaukataa. Chuma kina kumbukumbu, mnajua?

— Kumbukumbu ya nini?

— Ya mti wa kwanza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kabureta alifikiri kidogo, akakubali kwamba chuma kina kumbukumbu, kwa sababu kuna pikipiki moja pale Kashai anayoijua hukataa kupita nyumbani kwa mwenyewe wa kwanza. Lakini akasema hiyo ndiyo sababu ya kuchukua ya zamani, maana imeshamaliza utundu wake. Rubani akasema hapana, hiyo ndiyo sababu ya kuchukua mpya, maana bado inafundishika. Afisa akasema yote mawili ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Baba aliwageukia mmoja mmoja kila alipoongea, na kila mmoja alimwitikia kwa kichwa.

Saa sita ilipogonga, kwa Jayant, Chetna, mkwe wake, alianza kuingiza ndani ndoo na majembe yaliyokuwa barazani. Jumamosi wanafunga mapema. Nilimwambia baba, "Tata, wanafunga." Akasema amesikia. Hakuinuka.

Ndipo akaja mama mmoja, Jovina, mchuuzi wa samaki kutoka Kemondo, akaomba kikombe na nafasi ya kukaa. Nilimpa kile cha mwisho kwenye birika. Alisikiliza zamani, mpya, skrubu, Uganda, mpaka kikombe kikafika nusu.

— Samahani jamani, akasema. Hizo mashine nimezipita pale dirishani sasa hivi. Ya zamani ndiyo ipi?

Kabureta akacheka. Rubani naye akacheka. Wakanyoosha vidole kwa pamoja ng'ambo ya barabara. Kidole cha Kabureta kilielekea kushoto, kwenye ile iliyopauka. Cha Rubani kilielekea kulia, kwenye ile inayong'aa.

Kicheko kikakatika.

— Wee Rubani, ile inang'aa!

— Imepakwa rangi! Umewahi kuona bibi harusi anajipodoa kumshinda mama mkwe? Anayejipodoa sana ndiye mzee.

— Na hii iliyopauka?

— Imepauka kwa jua la dirishani! Mpya hiyo!

— Afisa, ipi?

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Baba akaitema ile buni.

— Kabureta, akasema taratibu. Siku tatu unaniambia nichukue ya zamani. Ulikuwa unaisema ya kushoto?

— Ya kushoto.

— Na wewe Rubani, siku tatu unaniambia nichukue mpya. Ipi?

Rubani aliangalia tena dirishani.

— Ya kushoto.

— Kwa hiyo mmekuwa mnakubaliana.

Walitazamana kama watu waliokutwa wamevaa shati la kufanana.

— Basi mimi nabadilisha, akasema Kabureta. Kama Rubani anaitaka hiyo, hiyo ina kasoro.

— Unabadilisha? Na mimi nabadilisha! Siwezi kumchagulia Ta Kahangwa mashine inayosifiwa na fundi wa pikipiki!

— Sasa wote mmehamia ya kulia, akasema Jovina.

— Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kusikia mlio wake? baba akauliza. Ya kushoto au ya kulia, yoyote?

Afisa akasema kuna mambo ambayo mtu huyajua bila kuyasikia. Kabureta akageuza kikombe chake, hakikuwa na kitu. Nikainua birika kumwonyesha kwamba nalo halina kitu.

Baba akainuka, akavuka barabara bila kuaga. Kabureta akamfuata akisema asisahau kuuliza skrubu. Rubani akamfuata Kabureta akisema asimsikilize huyo. Afisa akaja nyuma, polepole, na mimi nikaacha vikombe juu ya benchi nikakimbia. Chetna alikuwa ameshafunga bawa moja la mlango, mkono uko kwenye la pili.

— Mama, baba akasema, naomba unisaidie. Kati ya hizo mbili, ya zamani ni ipi?

— Wewe unakwenda kukata nini, mzee?

— Mikaratusi. Muleba. Jumatatu asubuhi.

Chetna aliangalia mikono ya baba, halafu akawaangalia waliosimama nyuma yake wakihema, Kabureta akiwa tayari amenyoosha kidole kuelekea dirishani. Akalifungua tena lile bawa, kiasi cha mtu mmoja kupita.

— Ingia, petroli ipo, tutaziwasha zote mbili uzishike, akasema. Lakini hao wenzako wabaki nje.