Mikate ya Moto kutoka Bunda

Kwenye basi la Bunda kwenda Musoma nilimpisha Dafroza wa Kitaji, kule Musoma, nikidhani kabeba mtoto. Kumbe ni mikate ya moto, kaiviringishia kanga mbili.

“Si unaokaga mwenyewe?” akauliza mzee wa kiti cha pili. “Nilikuwaga naoka, baba. Tangu shilingi ishushwe thamani unga haushikiki, tanuri limelala. Leo afisa wa mikopo ya serikali anakuja kukagua. Akikuta sina mkate wa moto, ananifuta kwenye orodha.” “Mkopo si wa waliokwama? Mwambie umekwama!” “Waliosema hivyo Kiabakari walifutwa wote.”

Mzee akaguna, akavua koti, akaifunika mikate. Mimi nikafunga dirisha.

Basi liliposimama, Dafroza aliingiza mkono chini ya koti. “Imepoa?” nikauliza. Alishashuka anakimbia, na koti la watu.